Maji Maangavu, Meno ya Kahawia

Watu wengi husema, "Maji haya ni safi, mbona twaona hata chini ya ndoo!" Lakini jicho si kipimo cha maji. Katika nchi za Bonde la Ufa, kama Arumeru na Hai katika Tanzania, na Nakuru na Naivasha katika Kenya, yako maji maangavu yenye floraidi nyingi. Floraidi hutoka katika mawe ya volkeno na kuyeyuka majini; haina rangi wala harufu.

Kidogo chake hufaa meno. Lakini Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akinywa kupita kiasi katika miaka ya kuumbika meno, yaani kabla hajatimiza miaka 8 hivi, meno huota na mabaka ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa hupatwa: mgongo hukakamaa, miguu hupinda.

Je, tuchemshe? Kuchemsha huua vijidudu, nako ni kwema. Lakini floraidi si kijidudu. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi yote hubaki sufuriani. Kitambaa nacho hakiizuii, maana imeyeyuka kama chumvi katika mchuzi.

Basi wataalamu wametafuta njia. Mojawapo ni utando wenye vitundu vidogo mno. Maji husukumwa kwa nguvu yapite, na karibu floraidi yote hubaki nyuma. Ni kazi nzuri, lakini yataka pampu, umeme na fundi, na sehemu ya maji hutupwa.

Njia nyingine ni kunasa. Mtega ndege hupaka ulimbo kijitini. Ndege akitua, hunasa. Mkaa wa mifupa hufanya vivyo hivyo. Mifupa ya ng'ombe huchomwa tanurini kwa hewa kidogo, husagwa chengachenga, hutiwa ndani ya ndoo, na maji hupita polepole. Floraidi hushikamana na madini ya mfupa. Ndiyo sababu huingia hata katika mifupa yetu. Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimeichunguza njia hii, na Jimbo Katoliki la Nakuru liliishika mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio la mchanga lenye vinasio vinavyochaguliwa kulingana na maji ya mahali.

Lakini angalieni. Mkaa wa kuni hauwezi kazi hii. Mifupa iliyochomwa vibaya huharibu harufu ya maji. Tena kijiti kilichojaa ndege hakinasi mwingine: mkaa uliojaa floraidi sharti ubadilishwe, na maji yapimwe, maana ulimi hautatambua.

Enyi wazazi, si lazima kuchuja maji yote. Ya kufulia na kuoga yaacheni. Chujeni ya kunywa na kupikia. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yana floraidi kidogo sana; wadogo wapewe kwanza. Magadi ya kulainishia maharage, mahali pengine, yana floraidi nyingi. Afadhali kuyaloweka maharage usiku kucha. Meno ya mtu mzima yamekwisha kuumbika. Ya mtoto yangali yakiumbika leo.