Obokano, Piano na Siri ya Kidole

Katika nchi ya Abagusii, ambako Suneka imekaa kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori, huzuni na fahari za watu zina chombo chao cha asili, nacho ni obokano: kinubi kikubwa cha nyuzi nane, chenye mwili wa mti uliowambwa ngozi ya ng'ombe, ambacho mpigaji huketi kigodani na kukikwanyua kwa vidole, kikatoa sauti nzito yenye mvumo. Zamani nyuzi zake zilikuwa kano za ng'ombe. Leo aghalabu ni za nailoni. Mwenye kufiwa hulia nacho, na mwenye kusifu ukoo wake hujitapa nacho, na kwa kuwa kidole chenyewe ndicho kigusacho uzi, hakuna kitu kinachosimama baina ya nafsi na sauti.

Piano ina kitu hicho cha kati, na ajabu yake yote imo humo. Bartolomeo Cristofori alipoibuni mjini Florence, kwenye mwaka 1700 hivi, vinanda vilivyotangulia vya kukwanyua nyuzi vilitoa sauti karibu ileile, kidole kishuke kwa hasira au kwa mahaba. Yeye alitia nyundo ndogo: kibao kikibonyezwa kwa nguvu, nyundo huruka kwa kasi na sauti ikawa kubwa na kali, kikibonyezwa taratibu, huwa ndogo na laini. Lakini kabla ya kuufikia uzi, nyundo hujitenga na kibao ikaenda peke yake, hata jitimai au furaha ya mpigaji sharti iwe imekwisha kutiwa mkononi kabla sauti haijazaliwa. Baada ya hapo amebakiwa na hiari ya kuikomesha tu, au kuirefusha kwa kanyagio.

Ndiyo maana nasikitika kumwona kijana hodari akijifunzia kinanda cha umeme cha bei rahisi kisichotambua uzito wa kidole, maana chombo hicho humzoeza kupiga noti sahihi zisizokuwa na moyo, ilhali babu zake walijua kuliza uzi mmoja kwa namna nyingi. Kijana wa Suneka aliyebahatika kukaa mbele ya piano ya kweli, na achague wimbo mmoja wa kwao, aupige kwa mkono wa kushoto peke yake, upande wa sauti nzito, kisha aurudie pasipo kubadili noti hata moja, ila uzito wa kidole tu, mpaka wimbo uleule uwe kwanza wa arusi, kisha wa matanga.