Ushirika wenu ukitaka programu ya simu, anzeni na karatasi

Kimihurura, pale Kigali penye Kituo cha Mikutano chenye kuba linalowaka rangi usiku, ndiko ushirika wa wafanyabiashara unakoweza kumpata kijana wa kuwabunia programu ya simu. Kabla ya kumpa malipo ya awali, muulize: mfano wa kujaribia atauchora wapi?

Swali hilo ni la fedha. InVision, iliyovuma miaka ile, ilifunga huduma mwishoni mwa 2024. Asiyepakua michoro yake mapema aliikosa. Sketch huchorewa kwenye kompyuta ya Apple tu. Figma wengi wanaipenda, ila inategemea intaneti. Penpot ni ya bure, na mkitaka mnaiweka kwenye seva yenu. Vyovyote iwavyo, nakala za michoro zikae kwenu.

Lakini mama anayevusha mchele Rusumo hulipa kwa *182# kwenye simu ya vitufe. Kwake mfano ni vipande vya karatasi, kila skrini kipande. Mpeni abonyeze kwa kidole. Akikwama penye cheti rahisi cha uasilia, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, futeni, mwandike upya. Kufuta karatasi hakuna ankara.