Jiji na Baraza Lake (3): Kupokea si Kuazimia

“Diwani wetu alisimama barazani, akaisema barabara yetu mpaka sauti ikamkauka. Ukumbi mzima ukapiga meza. Mwaka umekwisha, mashimo ni yale yale.”

Lalamiko hili nimelisikia kwa namna nyingi tangu mfululizo huu uanze, na anayelitoa huwa ameshahukumu: ama diwani ni mwongo, ama mkurugenzi ni mkaidi. Mimi humwuliza kama ameusoma muhtasari wa kikao. Hajausoma. Angeusoma, huenda angekuta sentensi moja tu kuhusu barabara yake: “Baraza lilipokea taarifa ya kata.” Lilipokea, basi. Hakuna aliyeagizwa afanye chochote.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi halmashauri za miji zilivyofutwa chini ya Madaraka Mikoani, mpango ulioanza mwaka 1972, na zikarudishwa mwaka 1978 miji ilipokwisha kuchakaa. Sehemu ya pili iliichambua Sheria Na. 8 ya 1982, inayozipa mamlaka za miji uhai wake. Leo tuingie ukumbini. Naomba msomaji avumilie sarufi kidogo, kwa sababu baraza la madiwani hutawala kwa vitenzi.

Tuchukue Tanga. Ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005, na kati ya majiji sita ya Tanzania Bara ndilo lenye watu wachache kuliko yote. Sensa ya 2022 iliwakuta wakazi wasiofika laki nne. Lina kata 27, kuanzia za Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, mpaka za pembezoni kama Pongwe na Mabokweni, ambako mtu ni mkazi wa jiji na jembe lake liko mlangoni. Kila kata ina diwani wake wa kuchaguliwa. Wanaongezeka madiwani wanawake wa viti maalum, kwa hesabu ya theluthi, na mbunge naye ana kiti. Madiwani humchagua meya miongoni mwao akae miaka mitano, na naibu wake kwa mwaka mmoja mmoja. Mkurugenzi hawamchagui wao. Huyo huteuliwa na Rais, na barazani ndiye katibu.

Hapo tusimame kidogo. Anayeandika maamuzi ya baraza ndiye huyo huyo anayetakiwa kuyatekeleza. Sisemi kwamba anachakachua; wengi wa makatibu niliowaona ni watu makini. Ila hakuna mwandishi asiyejua kwamba kitenzi chepesi humpunguzia kazi kesho.

Baraza hukutana kwa kikao cha kawaida kila robo mwaka. Halmashauri nyingi hukigawa kikao hicho kwa siku mbili. Ya kwanza ni ya taarifa za kata. Mstahiki Meya huingia kwa joho na mkufu, watu husimama, dua husomwa, kisha diwani mmoja mmoja husoma hali ya kwake: zahanati imefika kwenye renta, vyoo vya shule vimejaa, mtaro umeziba, vijana wa bodaboda wanagombana na mgambo. Hii ndiyo siku ya redio na kamera, na diwani anajua kwamba wapiga kura wanasikiliza. Anapoketi meza hupigwa, Meya humshukuru, anaitwa mwingine. Mwishoni taarifa zote hupokelewa kwa mkupuo.

Siku ya pili waandishi wameshaondoka, feni inazunguka, na makabrasha mezani yana unene wa tofali. Hapa ndipo mihtasari ya kamati za kudumu inapopitishwa, na hupitishwa kwa namba za kurasa. “Waheshimiwa, ukurasa wa arobaini na moja.” Kimya. “Arobaini na mbili.” Mtu anakohoa. “Arobaini na tatu… tuendelee.” Katika ule ukurasa wa arobaini na mbili uliopita kwa kikohozi, kiwanja cha makazi mtaani kwenu huenda kimegeuzwa kuwa cha kituo cha mafuta. Mtu wa jirani atakuja kujua siku trekta litakapofika, ataandamana mpaka ofisi ya kata, na huko ataambiwa neno ambalo ni kweli tupu: baraza lilipitisha.

Uzito wa mambo uko kwenye kamati, wala si siri. Kamati ya Fedha na Uongozi, inayoongozwa na Meya mwenyewe, hukaa kila mwezi. Inatazama mapato na matumizi. Mipango Miji na Mazingira hushughulikia ardhi, vibali vya ujenzi, usafi na masoko yanakokaa. Uchumi, Afya na Elimu hubeba yale yanayogusa tumbo na mwili. Kuna ya UKIMWI, na ya maadili ya madiwani wenyewe. Humo chumbani wamo madiwani wachache na wakuu wa idara, wanaulizana maswali ambayo ukumbini hayaulizwi: fundi kalipwa kiasi gani, mchanga umetoka wapi, nani alisaini. Kisha, siku moja kabla ya baraza, madiwani wa chama kilicho na wingi hukaa peke yao wakakubaliana nani aseme nini. Ndiyo maana mabishano makali ukumbini huisha ghafla, kama watu waliokumbuka kwamba jambo hili walishalimaliza jana.

Sasa vitenzi. Baraza likipokea, limesikia. Taarifa imeingia kwenye kumbukumbu na hakuna anayedaiwa. Si kitenzi kibaya daima. Chukua mikopo ya asilimia kumi, ile ambayo sheria tangu mwaka 2018 inaitaka halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuibua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika jambo hili ni heri baraza lipokee taarifa ya waliokopeshwa kuliko madiwani kukaa wakichagua kikundi cha nani kipewe. Kura na mkopo vikilala chumba kimoja, mkopo haurudi.

Likiridhia, limekubali pendekezo la wataalamu au la kamati kama lilivyo. Kitenzi hiki ndicho kinachofanya kazi kubwa na kelele kidogo: mpango wa ardhi, rasimu ya bajeti, jina jipya la mtaa, kodi ya vibanda vya soko. Sheria ndogo nazo hupita njia hii, ingawa safari yake haiishii hapo. Wakazi lazima watangaziwe ili wenye pingamizi walete, kisha rasimu inapanda mpaka kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, na haina nguvu mpaka itoke kwenye Gazeti la Serikali. Mama ntilie anayedaiwa ushuru mpya na mtu mwenye mashine ya POS ana haki ya kuuliza sheria ndogo hiyo ilitangazwa lini.

Likiazimia au kuagiza, hapo limetumia meno. Azimio zuri lina mtu, kazi na tarehe: mkuu wa idara fulani afanye hiki kabla ya kikao kijacho. Azimio lisilo na tarehe ni dua.

Kipo kitenzi cha nne, nacho ndicho kinachoeleza mashimo ya mlalamikaji wetu. Baraza linaomba, au linashauri. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali Kuu. Maji ya mjini yana mamlaka yake; hapa Tanga mamlaka hiyo ilijiendea soko la mitaji mwaka 2024 kutafuta fedha kwa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53, jambo ambalo baraza lingelipigia makofi tu. Umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa moja kwa moja kwenye LUKU, japo mwananchi anapoona salio limepungua humlaani diwani. Diwani naye haendi kumwambia mpiga kura kwamba barabara si yake. Anaahidi. Akifika barazani anamwomba meneja wa TARURA, aliyealikwa na kukaa pembeni, na meneja anajibu kwa adabu kwamba bajeti ya mwaka huu imeshapangwa.

Kilichobaki kuwa cha baraza lenyewe, basi, ni nini? Si kidogo. Masoko ni yake: Mgandini, Makorora na mengineyo. Stendi ya Kange ni yake. Taka, machinjio, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, majengo ya shule za msingi na zahanati, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, na katika jiji lenye viwanda vya saruji hiyo si hela ya mboga. Raia anayejua orodha hii hapotezi pumzi. Akiwa na shida ya choo cha soko anaenda kwa diwani kwa nguvu zote. Akiwa na shida ya lami anaenda kwanza TARURA, na diwani anamchukua kama shahidi.

Nimesema choo. Miaka ya nyuma nilipata nafasi ya kuhudhuria vikao vya halmashauri moja ya pwani, ambayo sitaitaja, kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwenye ajenda, baada ya kuthibitisha muhtasari uliopita, hufuata kipengele kinachoitwa “Yatokanayo”. Ni jedwali la safu tatu: agizo, mtekelezaji, utekelezaji. Katika jedwali lile kulikuwa na choo cha stendi. Robo ya kwanza safu ya mwisho iliandikwa: “Utaratibu wa kumpata mzabuni unaendelea.” Robo ya pili: “Suala linaendelea kufanyiwa kazi.” Ya tatu maneno yalikuwa yale yale, hata kosa la herufi lilikuwa lile lile, ndipo nikajua kwamba mtu amenakili. Abiria waliendelea kujisaidia nyuma ya ukuta wa gereji.

Robo ya nne diwani mmoja wa viti maalum, mama mtulivu asiyezoea kusema siku ya kamera, alinyoosha mkono. “Mstahiki Meya, naomba mwongozo. Hili ‘linaendelea’ linaendelea kwenda wapi?” Watu walicheka. Hakucheka. Akaomba azimio liandikwe upya, litaje idara, litaje tarehe, na mkuu wa idara asimame aikubali tarehe hiyo mbele ya kikao. Meya akauliza kama hoja inaungwa mkono, ikaungwa. Robo iliyofuata safu ya tatu ilikuwa na namba ya mkataba.

Mpaka leo sijaona hotuba ya siku ya kwanza iliyofanya kazi kama swali lile la siku ya pili. Napenda kudhani kwamba mama yule alikuwa ameusoma ukurasa ule kama wa mtihani usiku uliotangulia, kwa sababu kabrasha lake lilikuwa limejaa mistari ya kalamu nyekundu, wakati ya wenzake wengi yalikuwa bado yanang’aa.

Mambo ya nidhamu ya watumishi sisi wananchi hatutayaona hata tukihudhuria, maana zamu yake ikifika baraza hujigeuza kamati, wageni huombwa watoke, na mlango hufungwa. Hiyo ni haki ya mtumishi anayetuhumiwa. Kikao kinachojadili hoja za CAG, kwa upande mwingine, kinastahili kuhudhuriwa hata ukilazimika kufunga duka kwa nusu siku. Mkuu wa mkoa hufika, na wakuu wa idara hujibu hoja moja baada ya nyingine huku suti zikiwabana.

Nje ya hayo, kikao cha kawaida cha baraza ni cha wazi. Tangazo hubandikwa, viti vya wageni huwa nyuma, na hutaruhusiwa kusema, ila macho na masikio ni yako. Kama una jambo, usisubiri siku hiyo. Lipeleke mapema kwa mwenyekiti wa mtaa, lipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani alibebe mpaka kwenye kamati inayohusika, ambako bado lina nafasi ya kuandikiwa mtu na tarehe. Na kikao kikiisha, muulize diwani wako swali moja tu: jambo letu lilipokelewa, liliombwa, au liliazimiwa? Akibabaika, mwombe mkaufungue muhtasari pamoja.

Wiki ijayo: ushuru wa huduma, na kwa nini mwenye duka la rejareja na mwenye kiwanda hawaulizwi kwa sauti moja.