Vyungu vya Ikombe na Njia ya Songwe

Malawi wana barabara wanayoiita M1. Inaanzia Marka, mpakani na Msumbiji, inapanda kaskazini kupitia Blantyre, Lilongwe, Mzuzu na Karonga, hadi daraja la mto Songwe. Ukivuka uko Kasumulu, wilayani kwetu Kyela, na lami inaendelea Tukuyu mpaka Uyole. Wengi wanaijua kwa malori. Vita vya Msumbiji vilipozifunga reli za Beira na Nacala miaka ya 1980, Malawi ilibidi igeukie bandari ya Dar es Salaam, na malori ya mafuta hayajakoma. Mimi naijua kwa vyungu.

Kwetu Ikombe ni chini ya milima ya Livingstone: huku mlima, huku ziwa. Wanawake wa Kikisi ndio tunaofinyanga. Chungu tunakisugua kwa kokoto laini, tunakipaka udongo mwekundu, tunakichoma. Baada ya hapo ndipo roho inaanza kudunda. Kinapanda mtumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, pale Matema. Kinashushwa. Kinapakiwa gari la Ipinda na Kyela, kinashushwa tena, ndipo kipate usafiri wa Kasumulu. Watu hulaumu mawimbi na mashimo, lakini chungu kilichofungwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba hakisumbuliwi na wimbi. Kinapasuka pale utingo anapokirusha juu ya gari kama gunia la mpunga. Mnipunguzie kituo kimoja cha kushushia, nitashukuru kuliko kilomita kumi za lami mpya.

Mpakani sioni ugeni. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanaelewana kwa lugha, na mteja wa ng'ambo huuliza habari za watoto kwanza, bei baadaye. Songwe ulifanywa mpaka na Wajerumani na Waingereza kwa mkataba wa 1890, nao una tabia ya kuhama mafuriko yakija, mtu akakuta shamba lake liko nchi nyingine. Ziwani mgogoro ni mkubwa zaidi: Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, Malawi inasema uko ufukweni kwetu. Kwa ramani yao, mimi kila jioni naenda kuoga nje ya nchi.

Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, ndizi na tangawizi kutoka nje. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikalegeza. Vyungu havikutajwa popote. Ila wateja wangu wengi ni hao hao wauza mchele na ndizi, na wao wakikwama darajani, mimi nauza kwa hasara au narudisha mzigo Kyela: kupakia upya, kushusha upya, na yule utingo yupo.