Kamera ya zamani isikuchomeshe picha: Pima kabla ya kupiga

Umepata kamera ya filamu kwa wauzaji wa mitumba, au umerithi ya guka. Ukanunua filamu kwa doo zako, ukapiga picha 36 kwa heshima zote. Inaoshwa, unaambiwa ni giza tupu. Hayo maumivu nayajua.

Yalinipata kwenye ruracio ya binamu yangu. Kamera ilikuwa ya marehemu mjomba, ya miaka ya 60, na nilikuwa nimejigamba kwamba hakuna haja ya kukodi mpiga picha. Shosho akicheza alitoka kama amepigwa picha usiku stima zikiwa zimepotea. Nilichoma picha kwa maana zote mbili.

Nikalaumu filamu. Nikalaumu aliyeiosha. Wote hawakuwa na hatia.

Kwa hivyo anza kwa kusoma negativu. Iinue dirishani. Kama picha zimefifia karibu kuwa kioo, lakini namba za pembeni mwa filamu ni nyeusi na zinasomeka, uoshaji ulikuwa sawa. Mwanga ulioingia kwenye kamera ndio ulikuwa mdogo. Namba nazo zikiwa zimefifia, muulize aliyeosha.

Zangu zilisomeka vizuri. Mshukiwa akawa betri.

Kamera nyingi za enzi hizo, kama Minolta SRT 101, Canonet QL17 na Olympus OM-1, zina mita ya mwanga iliyotengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35. Zebaki ni sumu, na Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa betri hizo sokoni mwaka 1996. Siku hizi dukani utapewa ya alkali. Inaingia bila shida, ila hiyo ni volti 1.5. Mita ikipata nguvu zaidi inadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo. Wewe unaitii, unafunga lenzi, na filamu inalala njaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo somo la volti nililipia hapo.

Dawa ni betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, yenye volti karibu 1.4. Ni ndogo kidogo, izungushie pete isicheze. Ukishabandua stika yake inaanza kuisha hata usipoitumia.

Kisha ijaribu mita bila kuharibu filamu. Saa sita mchana, jua kali, hakuna wingu: kwa lenzi ya f/16, kasi ya shata inafaa kukaribia namba ya ISO. Filamu ya ISO 200 inataka 1/250, kwa kuwa 1/200 haipo kwenye kamera nyingi. Elekeza mita kwenye nyasi zilizopigwa na jua. Ikikuambia 1/500 au 1/1000, inakudanganya. Linganisha pia na programu ya kupima mwanga kwenye simu.

Bado shata. Fungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, piga kwa sekunde 1, kisha 1/2, kisha 1/4, huku ukiirekodi kwa simu. Kila hatua iwe nusu ya iliyotangulia. Ikisuasua, huenda mafuta ya ndani yameganda. Hapo mpelekee fundi, usijaribu bisibisi.

Mshukiwa wa mwisho ni wewe. Mita haijui sura ya mtu. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Nyuma ya shosho kulikuwa na hema jeupe; mita ikapima hema, uso wake mweusi ukazama. Karibia uso, pima hapo, halafu rudi nyuma upige bila kubadilisha chochote. Filamu ya negativu husamehe mwanga ukizidi kidogo. Ukipungua, haina huruma.

Na tafadhali, filamu ya kwanza usiipeleke kwa sherehe. Pigia mtaa, ukuta, rafiki aliyeketi tu. Hivyo vinarudiwa.

Ruracio haikurudiwa. Lakini nilienda ushago na betri mpya, na shosho akakubali kucheza tena uani, bila muziki, akinicheka. Safari hii uso wake unaonekana.