CD au muziki wa kushusha? Ugomvi mtamu wa sebuleni

Hebu nikuulize, msomaji: nyumbani kwenu nani huchagua muziki? Na akishauchagua, mnausikiliza pamoja, au kila mtu na hedifoni zake masikioni? Nauliza kwa sababu kwetu, hapa Tumbe, kaskazini ya Pemba, suala hili lilitukalisha miezi mitatu bila ya muafaka. Si mapenzi ya nje, si mambo ya mawifi. Muziki!

Mimi mtoto wa Unguja, nimekulia Ng'ambo, nikaolewa Tumbe. Nilikuja na makasha mawili, moja la vyombo na moja la CD. Mume wangu kazi yake mitambo ya simu, na kwake yeye CD ni kitu cha kuwekea kikombe cha chai. Tulikuwa tumedunduliza pesa tununue chombo cha muziki cha maana. Yeye akataka kile kichezeo kidogo cha mfukoni cha muziki wa ubora wa juu, ule unaoushusha kwenye intaneti kwa mafaili makubwa makubwa. Mimi nikataka deki ya CD na spika mbili za kusimama. Pesa ni ile ile moja.

Najua wengi wenu mko hapo hapo. Unaanza maisha, mshahara una safari zake, na dukani kijana anakwambia "dada, hii ndiyo yenyewe". Sasa kabla hujatoa pochi, tuelewane.

Namba zisikutishe

CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982. Ndani yake kila sekunde ya muziki imepimwa mara 44,100, na kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16. Muziki wa ubora wa juu mara nyingi hupimwa mara 96,000 kwa sekunde, kwa biti 24, na upo hata wa mara 192,000. Ukisikia hivyo utadhani CD ni baiskeli na ule mwingine ni ndege.

Piga hesabu ya bando kwanza. Dakika moja ya CD ni kama MB 10. Dakika moja ya ule wa 96,000 ni MB 34 na ushei. Albamu ya saa nzima inakaribia GB 2, na hata ikibanwa vizuri bado huenda ikapita GB 1. MP3 za zamani zile za kilobiti 128, tulizokuwa tukirushiana kwa simu, dakika yake ilikuwa haifiki hata MB 1.

Hapo kwenye kubanwa pana jambo watu wengi hulichanganya. Faili la aina ya FLAC ni kama kanga iliyokunjwa: inachukua nafasi ndogo kabatini, ukiikunjua ni ile ile, pindo na jina lake. MP3 ni kanga iliyokatwa mkasi. Ukiivaa gizani hakuna atakayejua, lakini kile kipande kilichokatwa hakirudi tena. Kwa hiyo CD unaweza kuinakili kwenye kompyuta kwa FLAC na usipoteze hata chembe. Niliposoma hilo nikaona kumbe nusu ya ugomvi wetu haina miguu.

Je, sikio linasikia?

Mume wangu akashikilia kuwa yeye anasikia tofauti. "Sauti ina hewa," anasema. Sawa. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kubeba sauti mpaka kama hezi 22,000. Sikio la kijana mzima huishia kwenye hezi 20,000 hivi, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo linavyozidi kushuka. Hewa hiyo inaingilia wapi?

Wataalamu nao wamegombana kuliko sisi. Mwaka 2007 jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES, lilichapisha jaribio la Wamarekani wawili, Meyer na Moran. Watu walisikilizishwa muziki wa ubora wa juu, na huo huo ukiwa umepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554 walipatia 276. Hapo ni sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, akakusanya tafiti 18 akazijumlisha, akakuta watu hupatia kama asilimia 52, na waliofundishwa sikio hufanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kitu kipo, lakini kidogo mno.

Na sisi tukafanya jaribio letu. Nilimwambia aandae mwenyewe wimbo mmoja kwa hali mbili, ule mkubwa, na nakala yake iliyoshushwa hadi kiwango cha CD, sauti zote mbili kiasi kimoja. Nikamfunga mtandio machoni. Mara kumi, akapatia tano. Hakununa, mume wangu ni muungwana, ila alidai jenereta la jirani ndilo lililomharibia.

Lakini kuna mahali yeye alikuwa na haki. Albamu mbili tatu zilizotoka kwa ubora wa juu zinasikika vizuri kweli kuliko CD zake. Siri si hizo namba. Mara nyingi studio huiandaa upya kazi ile, bila ya kuipandisha kelele mpaka ikapasuka kama CD nyingi za miaka ya 2000. Aliyeipika ndiye anayesifiwa hapo.

Na kinyume chake kipo pia. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri za aina ile zilibeba sehemu ndogo tu ya sauti, na mikwaruzo juu yake. Ukiuziwa nyimbo zile kwa "biti 24", ni sawa na kumimina kikombe kimoja cha chai kwenye birika kubwa. Chai haikuongezeka. Taarabu nyingi tunazozipenda zilitoka kwenye kanda na kaseti, na CD inazitosha na kubaki.

Halafu kuna kituko cha blututhi. Mtu ameshusha faili la GB 1, bando limekwisha, kisha analirusha kwenye spika ya blututhi, ambayo kwa kawaida huubana muziki upya na kuukata! Nimeliona hilo kwa macho yangu, tena kwenye nyumba ya msomi.

CD nayo ina maradhi yake

Msidhani naisafisha CD. Tumbe ni kijiji cha wavuvi. Soko la samaki liko pale pwani, upepo wa chumvi unaingia madirishani mchana na usiku, na masika hata nguo kabatini zinaota ukungu. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari ya kuvu lililokutwa likila CD iliyotoka Belize, nchi yenye joto na unyevunyevu kama kwetu. Hili si la kila siku, lakini liweke akilini.

Ugonjwa wa kila siku ni wa CD za kuchoma. CD ya kiwandani hugandamizwa, ikitunzwa huenda miongo. Ile ya kuchomwa kwenye kompyuta hutegemea rangi maalumu, na rangi hiyo joto na mwanga huila. Ebu angalia kabatini kwako: video ya harusi, maulidi, sauti ya babu. Karibu zote ni za kuchoma.

Na hapa ndipo maneno yetu ya mume na mke yalipoacha kuwa mchezo. Mama mkwe wangu alikuwa na CD moja imefungwa kwenye kitambaa. Ni harusi ya hapa hapa kijijini, mwaka 2006, wanawake wanaimba, na anayewaongoza ni dada yake, ambaye sasa ni marehemu. Hakuna kaseti, hakuna nakala nyingine. Tulipoitia kwenye deki ya kuazima, ikawa inaruka. Akasema, "Mwanangu, usiitoe. Subiri, itakuja." Haikuja.

Mume wangu aliichukua ile CD akakaa nayo kwenye kompyuta usiku kucha, akaisoma polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, akabadilisha kisomeo, akaisoma tena. Asubuhi alikuwa na dakika 41. Mbili hivi zimepotea moja kwa moja. Aliziweka kwa FLAC, nakala tatu: kompyuta yetu, diski ya nje iliyoko kwa dada yangu Unguja, na flashi. Nilimpenda upya, sitaki kuficha. Yule ninayemwita mtu wa mafaili ndiye aliyemrudishia mama yake sauti ya ndugu yake.

Kwa hiyo CD yenyewe haikulindi, na faili lenyewe halikulindi pia. Simu huibiwa, huzama na ngalawa. Hapa Tumbe waakiolojia wamechimbua kijiji cha tangu karne ya 7, vigae vya vyungu na shanga bado vipo. CD ya 2006 imetushinda baada ya miaka isiyofika hata ishirini.

Nani mwenye mali?

Kuna jambo jengine ambalo vijana tunalipuuza. CD ukiinunua ni yako. Utaiazimisha, utaiuza, utamwachia mwanao. Faili ulilolinunua na kulishusha, maadamu halina kufuli, nalo unaweza kulitunza utakavyo. Lakini muziki wa kulipia kwa mwezi huo ni wa kupanga: ukiacha kulipa, umehama. Usichanganye vitu hivyo viwili anapokwambia mtu "mbona mimi nina nyimbo milioni".

Tena CD nzuri huja na kijitabu. Ule mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique kuanzia 2005, wa kwanza ukiwa ni wa miaka 100 ya Ikhwani Safaa, una historia na picha ndani. Humo wapiga udi na fidla wana majina. Faili nyingi nilizoziona huandika jina la wimbo tu, tena limekosewa.

Tulichoamua

Kilichonikera mimi kweli kweli hakikuwa biti. Saa mbili za usiku mume wangu anavaa hedifoni, mimi nazungumza, yeye ananiangalia midomo. Nilimwambia hivyo hivyo: "Mume wangu, mimi sishindani na kichezeo, mimi nataka nisikie unachosikia." Alinyamaza muda. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba nyumba yetu ina kelele tangu alfajiri, watoto wa kaka zake, wageni, redio, na saa ile ndiyo pekee anayokuwa peke yake. Nalo hilo ni haki yake.

Tukagawana. Kichezeo hatukukinunua, simu yake na hedifoni ya waya vinamtosha, saa moja, mlango umefungwa, hasemeshwi. Deki mpya pia hatukununua. Tulipata ya mitumba Wete, inasoma vizuri. Pesa yote iliyobaki ikaingia kwenye spika na amplifaya, kwa sababu huko ndiko sikio linakosikia tofauti hata la mtu mvivu. CD zangu zote tumezinakili kwa FLAC, kisha zikarudi kabatini na vifuko vya kukausha unyevu. Muziki mpya tunashusha kwa kiwango cha CD. Ule mkubwa tunanunua pale tu tunapojua kazi imeandaliwa upya.

Umeme nao tumeuzingatia. Tangu 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba imeacha kutegemea majenereta ya dizeli, lakini kukatika kupo, na amplifaya haipendi umeme ukirudi kwa kishindo. Nunua kidhibiti umeme kabla ya spika. Fundi wetu alitusisitiza hilo mara tatu.

Ama mama mkwe, tulimwekea dakika zake 41 kwenye zile spika mpya, sebule nzima ikatulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kile kiredio chake kidogo cha kadi, anachokwenda nacho shamba, akauliza kama na ile inaweza kuingia humo. Mume wangu akaibana ikawa MP3, ikaingia.

"Ino ndiyo nzuri," akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga.