Vitamini U: Kabichi na Vidonda vya Tumbo

Ukipita soko la Kitengela au la Kajiado, hukosi kuona kabichi kwa mama mboga. Wengi wetu twazila tu kwa kuwa ndizo zilizopikwa. Lakini je, wajua kwamba ndani yake mna kitu kiitwacho vitamini U?

Mwaka wa 1949 daktari Mmarekani, Garnett Cheney, alieleza jinsi alivyowanywesha wagonjwa 13 wa vidonda vya tumbo, yaani alsa, maji ya kabichi mbichi. Alisema vidonda vilipona upesi kuliko kawaida. Kitu kilichodhaniwa kuponya kikaitwa vitamini U, kutokana na neno la Kilatini "ulcus", maana yake kidonda.

Kumbe si vitamini halisi! Vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa huugua. Hiki, ambacho wanasayansi hukiita S-methilimethionini, ukikikosa huugui. Tena hakipendi moto. Sufuria ikitokota sana huvunjika, na hapo ndipo hutoka sehemu ya ile harufu ya kabichi inayotufikia darasani kabla ya kengele ya chakula.

Sasa, mwenye alsa anywe maji ya kabichi, basi? La hasha! Wagonjwa 13 ni wachache mno kuthibitisha dawa. Isitoshe, mwaka wa 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria iitwayo Helikobakta pilori tumboni mwa wagonjwa. Mwaka wa 1984 Marshall aliinywa mwenyewe, na tumbo lake likavimba kwa ndani! Mwaka wa 2005 wawili hao walituzwa Nobel. Siku hizi yajulikana kwamba alsa nyingi huletwa na bakteria hiyo, au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zikimezwa ovyo. Bakteria hiyo huuawa kwa antibiotiki anazoandika daktari, si kwa kabichi.

Kwa hivyo, mwenzangu unayejishika tumbo usiku bwenini na kusema ati ni pilipili tu, mwambie mwalimu, upelekwe hospitali ukapimwe. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje hata asubuhi. Kabichi tule, ni chakula kizuri. Lakini wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua.